Risasi Ipi, Umbali Gani? Mwongozo Kamili wa Kulinganisha Risasi za Bunduki za Kuwindia

Swali ambalo wawindaji wapya huliuliza kabla ya mengine yote ni hili: risasi hii inafika wapi? Risasi ya .308 Winchester ikifyatuliwa kwa kuelekeza mtutu juu inaweza kutua zaidi ya kilomita 3 kutoka ilipotoka, na huko bado inaua mtu. Hiyo ndiyo sababu hatufyatui bila kuona kilicho nyuma ya mnyama. Lakini umbali huo hauna uhusiano na uwindaji. Mwindaji anahitaji kujua umbali wa kufaa, yaani umbali ambao ana hakika risasi itaingia kwenye moyo au mapafu, na ikifika huko bado itakuwa na kasi ya kufanya kazi yake.

Umbali huo una mipaka mitatu. Wa kwanza ni njia ya risasi hewani: jinsi inavyoshuka na kusukumwa na upepo. Wa pili ni kasi yake inapogonga. Wa tatu ni wewe uliyeshika bunduki. Chukua mpaka ulio mfupi kuliko yote. Huo ndio umbali wako, hata kama ile mingine miwili ni mirefu maradufu. Watu hubishana usiku kucha kuhusu aina za risasi, wakati katika bunduki nyingi za kuwindia mpaka unaowahi kufikiwa ni ule wa tatu. Nitaieleza yote mitatu kwa mpangilio ambao mimi hupendekeza ufuatwe mtu anapolinganisha risasi.

Hatua ya 1: Anza na mnyama na sheria

Usianze na bunduki. Anza na mnyama unayekwenda kumwinda na ukubwa wa eneo la moyo na mapafu yake. Kwa mnyama wa kimo cha swala au kulungu mdogo, lichukulie kuwa duara la kipenyo cha sentimita 15. Kwa mnyama mkubwa kama tandala au pofu, duara hilo hufika sentimita 25 au zaidi. Mimi hutumia sentimita 15 kwa mahesabu yote, hata ya wanyama wakubwa, kwa sababu ile ziada inafidia pumzi iliyopanda, upepo uliogeuka na mkono uliotikisika.

Angalia pia unene wa kitu ambacho risasi itapita. Mnyama mdogo aliyesimama ubavu hahitaji risasi nzito. Nguruwe mwitu dume ana ngozi ngumu na nyama nene begani, na mnyama mkubwa aliyesimama mshazari anataka risasi ipenye nusu mita ya nyama na mfupa kabla ya kufika panapotakiwa.

Kisha soma sheria ya mahali unapowinda, kwa sababu mara nyingi inakuondolea nusu ya maswali. Ujerumani, kwa mfano, inataka risasi ya kumwindia paa mdogo iwe na nishati isiyopungua jouli 1,000 kwenye mita 100. Kwa wanyama wengine wenye kwato inataka kaliba, yaani kipenyo cha risasi, isiyopungua milimita 6.5 na jouli 2,000 kwenye mita 100. Uswidi, kwa wanyama wakubwa, inataka kichwa cha risasi, yaani kile kipande kinachoruka, cha gramu 9 au zaidi chenye jouli 2,700 kwenye mita 100, au kikiwa na gramu 10 na kuendelea, jouli 2,000 zinatosha. Nchi kadhaa za Afrika zinazoruhusu kuwinda nyati na tembo zimeweka .375 (ya inchi) kuwa kaliba ya chini kabisa kwa wanyama hao. Ukizitazama sheria hizi utaona zinapima nishati kule mnyama aliko, si mdomoni mwa mtutu, na nyingine zinatazama uzito pia.

Hatua ya 2: Jua unachosoma kwenye boksi

Majina ya risasi hayafuati kanuni moja. Mtindo wa Ulaya uko wazi: 7x57 ni kaliba ya milimita 7 na ganda, yaani kikopo kinachobeba baruti, la urefu wa milimita 57. Mtindo wa Marekani unataka kukariri. Katika .30-06, 06 ni mwaka 1906. Katika .30-30, hiyo 30 ya pili ilikuwa kipimo cha baruti. Risasi za .30-30, .308 Winchester, .30-06 na .300 Winchester Magnum zote zinabeba kichwa cha kipenyo kilekile cha inchi 0.308, karibu milimita 7.8. Kinachozitofautisha ni ukubwa wa ganda, kiasi cha baruti na shinikizo. Ganda la .243 Winchester la mwaka 1955 ni ganda la .308 lililobanwa shingo lishike kichwa chembamba zaidi.

Ukoo huu una hatari yake. Kufanana kwa macho hakumaanishi risasi ni ya bunduki yako. Risasi ya .300 Blackout inaweza kuingia kwenye chemba (chumba cha risasi) ya bunduki ya .223, na ikifyatuliwa humo inaweza kuipasua bunduki usoni mwa mpigaji. Kabla ya kuingiza risasi yoyote, soma maandishi yaliyogongwa kwenye kitako cha ganda, kisha soma yaliyochorwa kwenye mtutu. Yasipolingana herufi kwa herufi na namba kwa namba, usiingize mpaka fundi wa bunduki akuthibitishie. Weka aina moja tu ya risasi mfukoni unapokuwa porini.

Hatua ya 3: Chukua namba nne

Kutoka kwenye boksi au jedwali la mtengenezaji andika uzito wa kichwa, kasi mdomoni mwa mtutu, namba ya kukata hewa ambayo huandikwa BC, na aina ya kichwa.

Uzito mara nyingi huandikwa kwa greni. Greni 1 ni gramu 0.0648, kwa hiyo greni 165 ni gramu 10.7. Kasi ikiwa kwa futi, zidisha kwa 0.3048 upate mita kwa sekunde. Nishati unaweza kuikokotoa mwenyewe: badili gramu kuwa kilo, zidisha kwa kasi, zidisha tena kwa kasi, kisha gawa kwa 2. Risasi ya .308 ya gramu 10.7 inayotoka kwa mita 823 kwa sekunde inakuwa 0.0107 × 823 × 823 ÷ 2, sawa na jouli 3,620 hivi.

Hizi ni namba za kawaida za risasi zinazouzwa sana. Boksi lako litatofautiana kidogo.

| Risasi | Kichwa (gramu) | Kasi mdomoni (m kwa sekunde) | Nishati mdomoni (jouli) |
|---|---|---|---|
| .223 Remington | 3.6 | 988 | 1,740 |
| .243 Winchester | 6.5 | 902 | 2,640 |
| .30-30 Winchester | 9.7 | 728 | 2,570 |
| 6.5 Creedmoor | 9.1 | 823 | 3,070 |
| .308 Winchester | 10.7 | 823 | 3,620 |
| .270 Winchester | 8.4 | 933 | 3,660 |
| .30-06 Springfield | 11.7 | 823 | 3,950 |
| 7 mm Remington Magnum | 9.7 | 948 | 4,360 |
| .300 Winchester Magnum | 11.7 | 902 | 4,760 |
| 9.3x62 | 18.5 | 719 | 4,780 |
| .375 H&H Magnum | 19.4 | 771 | 5,770 |

Kasi ya kwenye boksi hupimwa kwa mtutu wa majaribio, mara nyingi wa inchi 24, yaani sentimita 61. Mtutu wako ukiwa mfupi, toa kama mita 7 hadi 9 kwa sekunde kwa kila inchi iliyopungua. Bunduki ya mtutu wa inchi 20 inaweza kuwa chini ya namba ya boksi kwa mita 30 kwa sekunde au zaidi kidogo. Ukiweza kuazima kifaa cha kupimia kasi kwenye uwanja wa shabaha, pima. Namba yako mwenyewe ina thamani kuliko ya boksi.

BC ndiyo namba inayodharauliwa, nayo ndiyo inayoamua mambo kuanzia mita 300. Inaeleza jinsi kichwa kinavyopasua hewa bila kupoteza mwendo. Kichwa kifupi chenye ncha butu, kama kile cha .30-30, kina BC ndogo na huchoka mapema. Kichwa chembamba, kirefu, chenye ncha kali kina BC kubwa. Ila kichwa kirefu kinahitaji mtutu ambao mifereji yake ya ndani inazunguka kwa kasi ya kutosha kukituliza. Bunduki za zamani za .223 zilizotengenezewa vichwa vyepesi mara nyingi hazivitulizi vichwa virefu vya siku hizi, na risasi hutoboa karatasi ubavu.

Hatua ya 4: Chora njia ya risasi

Risasi huanza kushuka mara inapoacha mtutu. Tunapoisawazisha darubini, tunauinua mtutu kidogo ili risasi ikatize mstari wa jicho karibu, ipite juu yake, kisha iukute tena kule tulikosawazisha. Chukua ile .308 ya gramu 10.7 yenye BC ya 0.45, darubini ikiwa sentimita 4.5 juu ya mtutu, imesawazishwa kwa mita 200. Kwa hesabu yangu hali inakuwa hivi:

mita 100: juu ya unapolenga kwa sentimita 6 au 7
mita 150: juu kwa sentimita 6
mita 200: palepale
mita 235: chini kwa sentimita 7
mita 300: chini kwa sentimita 28
mita 350: chini kwa sentimita 51
mita 400: chini kwa sentimita 81

Rudi kwenye duara letu la sentimita 15. Kutoka karibu mpaka mita 235, risasi haipandi wala kushuka zaidi ya sentimita 7.5 kutoka unapolenga. Ndani ya umbali huo unalenga katikati ya kifua na kufyatua, bila hesabu. Umbali huu wa kulenga moja kwa moja ni wa kwanza kuutafuta kwa kila risasi unayolinganisha, na kwa wawindaji wengi hakuna haja ya kwenda mbele yake.

Sasa tazama kinachotokea ukikosea kukadiria umbali. Ukidhani mnyama yuko mita 150 kumbe yuko 200, kosa hilo la mita 50 linakugharimu sentimita 6, na mnyama anaanguka. Ukidhani yuko mita 350 kumbe yuko 400, kosa lilelile linakugharimu sentimita 30. Umelenga kifua, umevunja mguu. Macho ya binadamu hukosea mita 50 kwa urahisi kabisa, hasa bondeni au kwenye mwanga hafifu. Kwa hiyo mtu asiyekuwa na kipima masafa cha leza asipite umbali wa kulenga moja kwa moja, awe na risasi yoyote ile.

Mlimani kuna nyongeza moja. Ukipiga kwenda juu au chini kwa mteremko mkali, kinachohesabika ni umbali wa mlalo. Mnyama aliye mita 300 kwa mteremko wa nyuzi 30 mpige kama yuko mita 260. Usipofanya hivyo risasi itapita juu yake.

Hatua ya 5: Hesabu upepo

Mshuko wa risasi unajulikana. Umbali ukishaujua, jedwali linakupa jibu. Upepo hauna jedwali la uhakika. Unavuma hivi ulipo wewe, vingine katikati, na vingine kule mnyama aliko. Upepo wa kukatiza wa kilomita 16 kwa saa, ambao unatikisa matawi membamba na majani bila kukoma, unaisukuma ile .308 pembeni sentimita 9 kwenye mita 200, sentimita 22 kwenye mita 300, na sentimita 41 kwenye mita 400. Kwenye mita 200 tayari umetoka nje ya duara, ingawa hukukosea chochote kingine.

Hapa ndipo risasi za milimita 6.5 zilipojipatia jina. Kichwa cha 6.5 Creedmoor chenye BC ya 0.6, kikitoka kwa kasi ileile ya mita 823 kwa sekunde, kinasukumwa na upepo huohuo kama sentimita 30 kwenye mita 400 badala ya 41. Zaidi ya hapo, kimetoka mtutuni na nishati ndogo kuliko ya .308 kwa jouli 550, lakini kikifika mita 400 bado kinakwenda mita 640 kwa sekunde na kina jouli 1,860 hivi, wakati .308 imeshuka mpaka mita 583 kwa sekunde na jouli 1,820. Iliyoanza nyuma imetangulia. Anayelinganisha nishati ya mdomoni peke yake hawezi kuliona hili.

Hata hivyo, sentimita 30 ni mara nne ya nafasi uliyonayo kutoka katikati ya duara mpaka ukingoni. Kichwa bora kinapunguza tatizo la upepo bila kuliondoa.

Hatua ya 6: Tazama kasi ya kugonga, si nishati tu

Wawindaji wa Marekani wana desturi ya kusema kulungu anahitaji futi-pauni 1,000, sawa na jouli 1,356, na mnyama mkubwa zaidi futi-pauni 1,500, sawa na jouli 2,030. Itumie kama kipimo cha kuchuja, usiiamini kama kanuni. Nishati haiui yenyewe. Kinachoua ni tundu lililopita kwenye mapafu au moyo, na upana wa tundu hilo unategemea kichwa cha risasi kufunguka.

Kichwa cha kuwindia kimetengenezwa kifumuke mbele kinapogonga, kipanuke karibu mara mbili ya kipenyo chake. Kufumuka huko kunahitaji kasi. Vichwa vya kawaida vyenye gamba la shaba na kiini cha madini ya risasi, kwa wastani, vinahitaji kama mita 550 kwa sekunde. Vile vya shaba tupu ni vigumu zaidi, na vingi vinataka karibu mita 600 kwa sekunde ili vifunguke vizuri. Vipo vilivyotengenezwa kwa umbali mrefu vinavyofunguka kwa kasi ya chini ya hapo. Mtengenezaji huitaja kasi hii ya chini, itafute. Chini ya hapo kichwa kinapita kama msumari, kinaacha tundu dogo, na mnyama anakimbia kilomita nzima akiwa na jeraha la kumuua kesho.

Tumia sasa zile namba za .308. Kwenye mita 300 inakwenda mita 639 kwa sekunde, kwenye mita 400 mita 583. Ukiwa na kichwa cha kawaida, mpaka wako wa kasi unapita kidogo mita 400. Ukibadili kichwa kuwa cha shaba tupu chenye BC ileile, mpaka unarudi karibu mita 350, ilhali bunduki ni ileile na jina kwenye ganda ni lilelile. Ndiyo maana sikubali jedwali linaloipa aina moja ya risasi umbali mmoja. Umbali ni wa kichwa fulani kwa kasi fulani.

Upande wa pili wa jambo hili ni karibu mno. Kichwa laini kikitoka kwenye .300 Winchester Magnum na kumgonga mnyama aliye mita 30, kinaweza kusambaratika juu ya mfupa wa bega kabla hakijafika ndani. Mwenye risasi za kasi kubwa anayewinda vichakani achague kichwa kigumu, cha shaba tupu au kilichogandishwa kiini chake na gamba lake. Na mwenye .30-30 asione haya. Kichwa chake laini kimetengenezewa mwendo wa polepole na hufumuka vizuri. Kinachomzuia ni mshuko, maana ikisawazishwa kwa mita 90 inakuwa imeshuka sentimita 20 inapofika 180. Msituni, ambako huoni mita 100, hiyo haina maana yoyote.

Kwa wanyama wakubwa, zingatia pia uzito ukilinganishwa na unene, namba inayoandikwa SD. Kichwa cha 6.5 cha gramu 9.1 kina SD ya 0.287, cha .308 cha gramu 10.7 kina 0.248, cha .375 cha gramu 19.4 kina 0.305. Muundo ukiwa sawa, chenye SD kubwa kinapenya zaidi. Hili linaeleza kwa nini 6.5x55 imeangusha wanyama wakubwa wa Skandinavia kwa miaka mingi, ingawa ukitazama nishati yake tu ungeiona ndogo.

Hatua ya 7: Pima teke

Teke la bunduki ni sehemu ya umbali wa kufaa. Kwa bunduki ya uzito wa kawaida, .243 inarudisha kama jouli 13, 6.5 Creedmoor kama 17, .308 kama 24, .30-06 kama 27, .300 Winchester Magnum kama 35, na .375 H&H karibu 50. Mtu anayeogopa teke hufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa pupa, mtutu unainama, na risasi inakwenda chini.

Kuna namna ya kulijua hili bila kubahatisha. Nendeni wawili uwanjani. Mwenzako akupe bunduki akiwa ameipakia yeye, mara nyingine na risasi halisi, mara nyingine na risasi bandia ya mazoezi, wewe usijue ipi iko ndani. Mtutu uelekee kwenye shabaha muda wote. Kifyatulio kikivutwa kwenye risasi bandia na mtutu ukadumbukia, teke limeshakushinda, na kila mtu aliyesimama pale ameona. Tiba ni kurudi kwenye risasi ndogo kwa muda, si kujikaza.

Fanya hesabu ya .308 dhidi ya .300 Winchester Magnum. Zote zikiwa zimesawazishwa kwa mita 200, kwenye mita 300 ya kwanza imeshuka sentimita 28, ya pili 22. Umbali wa kulenga moja kwa moja, hata ukiisawazisha hiyo Magnum mbele kidogo ili uutumie mwinuko wake wote, unaongezeka kama mita 30. Hizo mita 30 umezilipia kwa teke lililozidi karibu nusu. Kwa mtu mzoefu anayewinda uwandani wanyama wakubwa, yanaweza kuwa malipo ya haki. Kwa mwindaji wa mara chache kwa mwaka, .308 itamwangushia wanyama wengi zaidi na kumjeruhia wachache.

Hatua ya 8: Tafuta mpaka wako mwenyewe

Mezani, bunduki ikiwa juu ya mifuko ya mchanga, bunduki nzuri huweka risasi tano ndani ya sentimita 3 kwenye mita 100. Hiyo ni sifa ya bunduki. Porini hakuna meza.

Kata karatasi za duara za sentimita 15, uzibandike mbele ya kinga ya udongo iliyo imara. Anza mita 50. Piga risasi tano kwa kila mkao unaotumia kweli: umesimama, umepiga goti, umekaa, umeegemea fimbo za kulengea, umelala. Kati ya risasi na risasi simama, tembea hatua kadhaa, rudi uchukue mkao upya. Ukiweka zote tano ndani, sogea mita 25 nyuma. Umbali wa mwisho uliozipata zote tano ndio mpaka wako kwa mkao huo. Nne kati ya tano maana yake mnyama mmoja kati ya watano anaondoka na jeraha.

Matokeo huwashangaza wengi. Mtu anayepiga vizuri sana mezani mara nyingi akisimama bila egemeo hukwama kabla ya mita 100. Fimbo za kulengea humwongezea umbali kuliko risasi yoyote ya Magnum. Rudia zoezi ukiwa umepanda mwinuko na moyo unadunda, kisha lifanye siku ya upepo. Na kila siku ya mazoezi, itazame kwa makini risasi ya kwanza kutoka kwenye mtutu uliopoa, maana hiyo ndiyo utakayompigia mnyama.

Kuna jambo jingine ambalo ustadi hauliondoi. Kwenye mita 400 ile .308 inakaa hewani sekunde 0.58. Mnyama anayelisha anaweza kupiga hatua moja katika muda huo, na hatua moja inatosha kuihamisha risasi kutoka mapafuni hadi tumboni. Hukukosea kulenga wala kuvuta. Yeye ndiye alihama.

Hatua ya 9: Ziweke namba pamoja

Chukua karatasi, andika risasi mbili au tatu unazozifikiria, na kwa kila moja jaza: umbali wa kulenga moja kwa moja kwa duara la sentimita 15, umbali ambao kasi inashuka chini ya kiwango cha kichwa chake, na mpaka wako uliopimwa uwanjani ukiwa na bunduki yenye teke la kadiri hiyo. Zungushia ulio mfupi. Kama huna bunduki zote, azima au kodi uwanjani kabla ya kununua.

Kwa maoni yangu zoezi hili huishia hivi. Kwa wanyama wadogo hadi wa kati ndani ya mita 250, .243 na ndugu zake wa milimita 6.5 zinatosha kabisa na hazichoshi bega. Kwa mtu anayetaka bunduki moja ya wanyama wengi, .308, .270 na .30-06 hazina tofauti ya kupotezea usingizi. Chagua ile ambayo risasi zake unazipata kwa urahisi, maana utahitaji nyingi za mazoezi. Zile za 7 mm Remington Magnum na .300 Winchester Magnum ni za uwandani na mlimani, kwa mtu aliyekwisha kuthibitisha uwanjani kwamba mpaka wake mwenyewe unapita mita 300. Na 9.3x62 na .375 H&H hazikutengenezwa kwa umbali; kazi yake ni kupenya mnyama mzito aliye ndani ya mita 150, na .375 ikipewa kichwa chepesi inaweza kwenda mbali zaidi ya watu wanavyodhani.

Ukishachagua, andika mshuko wa risasi yako kwenye kipande cha karatasi na ukibandike kwenye kitako cha bunduki, upande unaouona ukiwa umelala. Usitegemee jedwali la boksi; piga mwenyewe kwenye mita 100, 200 na 300, uandike ulichokiona. Ukibadili boksi kuwa la uzito mwingine au kichwa kingine, hata kama jina la risasi ni lilelile, sawazisha darubini upya na uandike karatasi mpya kabla ya kurudi porini.